Watu wazima wawili kwenye meli ya familia: uzoefu wangu, Kigoma hadi Durban

Nianze na jibu, maana ndilo watu wa hapa Kigoma wananiuliza kwanza. Ndiyo, watu wazima wawili wasio na mtoto wanaweza kupanda meli ya kitalii iliyopangwa kwa ajili ya familia na wakapumzika vizuri, na mimi nitapanda tena. Ila kuna jambo moja la kujua: meli ya namna hii inakwenda kwa ratiba ya watoto. Watoto wana saa yao ya kula, saa yao ya bwawa na saa yao ya kulala. Ukiijua ratiba hiyo, meli inakuwa yako mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na mara ya tatu siku ya kutia nanga. Usipoijua, umelipa nauli kwenda kupanga foleni nyuma ya mitelezo ya maji.

Safari yetu, mimi na mume wangu, ilikuwa ya usiku nne mwezi Februari, kutoka Durban hadi pwani ya Msumbiji na kurudi. Kampuni siitaji, kwa kuwa ninayoyaeleza utayakuta karibu kwenye meli zote za aina hii.

Kwa nini Durban? Mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi, anaruhusiwa hadi siku 90 kwa mwaka, na Msumbiji nayo haitudai viza kwa ziara fupi. Meli za Ulaya zinataka viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kama meli inatoka nje ya eneo hilo halafu inarudi, viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Msimu wa meli Durban ni kama Novemba hadi Aprili. Kutoka Kigoma ni ndege hadi Dar es Salaam, kisha Johannesburg, kisha Durban. Uwanja wa King Shaka uko kaskazini mwa jiji, kama kilomita 35 kutoka bandarini. Fika Durban siku moja kamili kabla ya meli kuondoka, na Dar siku moja kabla ya ndege ya Johannesburg. Ndege ikiahirishwa meli haikusubiri, na nauli ya aliyechelewa hairudi. Anayependa treni akumbuke kwamba reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar, kwa hiyo aongeze siku mbili za tahadhari.

Kalenda ya kuangalia ni ya shule za Afrika Kusini, ya kwetu haisaidii hapa. Kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, na tena wakati wa Pasaka, watoto wapo kila kona ya meli. Wiki za mwisho za Januari, Februari yote na mwanzo wa Machi shule zimefunguliwa, na wanaobaki ni wadogo wasioanza shule. Hao wanalala mapema. Angalia pia siku ya kuondoka: safari ya Ijumaa hadi Jumatatu inajaa watu wa sherehe, ya Jumatatu hadi Ijumaa ina wazee na wastaafu wengi zaidi. Sisi tulichukua ya Jumatatu, na huo ndio uamuzi uliotusaidia kuliko mwingine wowote.

Sasa chumba, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuna nauli ya bei ya chini ambayo kampuni ndiyo inakuchagulia chumba. Kwenye meli ya familia, achana nayo. Vyumba vizuri vinakuwa vimeshachukuliwa na wenye watoto waliolipa mapema, kwa hiyo kinachobaki ni kile kilicho chini ya bufee, juu ya disko au kando ya lifti. Lipia haki ya kuchagua namba yako, kisha fungua ramani ya deki na utazame mambo matatu. La kwanza, juu yako na chini yako kuwe na vyumba vya kulala tu. Ukikaa chini ya deki ya bwawa, alfajiri utasikia viti vinaburutwa vikipangwa. La pili, kaa katikati ya meli, deki za chini au za kati. Wazee wa pwani wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa tumbo la abiria methali hiyo ni kweli tupu: mbele na nyuma ndiko meli inakopanda na kushuka zaidi.

La tatu ni mlango wa kupitiana. Vyumba vingi vya meli hizi vimejengwa viwili viwili na mlango katikati, ili wazazi wachukue kimoja na watoto kingine. Kwenye ramani unaonyeshwa kwa alama ndogo, mara nyingi mshale wa pande mbili kati ya namba mbili. Chumba chetu kilikuwa nao. Ni mlango mwembamba uliopakwa rangi ileile ya ukuta, umefungwa kwa ufunguo wa wahudumu, na chini yake pana upenyo wa unene wa kidole unaopitisha mwanga wa chumba cha pili. Sauti ya katuni nayo ilipita hapohapo, kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Dawa yake ni kukunja taulo la ufukweni kwa urefu na kulisukuma kwenye upenyo. Kelele hupungua kama nusu. Dawa ya kweli ni kutochukua chumba chenye mlango huo.

Vyumba hivyo pia vina vitanda vya kukunja vinavyoshushwa kutoka darini. Mkiwa wawili, mwombeni mhudumu wa chumba avifunge vibaki juu na aunganishe vitanda viwili vya chini kuwa kimoja. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi, lakini asipoambiwa mapema mtalala kila mtu na chake. Anayesafiri peke yake naye ajue kwamba bei hupigwa kwa watu wawili kwa chumba, kwa hiyo mmoja hulipa karibu sawa na wawili.

Vya kubeba: plagi zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi ya melini ya pini mbili za mviringo, kwa hiyo beba adapta. Pasi, birika la umeme na koili ya kuchemshia maji usipakie kabisa. Vitachukuliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya hatari ya moto, na utavipata siku ya kushuka. Chakula kilichopikwa nyumbani nacho hakiruhusiwi, hata dagaa wa kukaanga.

Kuhusu malipo ya ndani ya meli, hutumii pesa mkononi. Unapewa kadi ya chumba, kila soda na kila kahawa inaandikwa humo, na kadi hiyo inaunganishwa na kadi yako ya benki. Kabla ya kuondoka nenda benki uombe kadi ifunguliwe kwa matumizi ya nje na uulize kiwango cha siku. Kadi za kutoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti zina tatizo lake: meli inazuia kiasi fulani kama dhamana, na kiasi hicho kinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi baada ya safari. Kama pesa ya akaunti ndiyo hiyohiyo ya kurudia nyumbani, weka dhamana taslimu kwenye dawati la mapokezi siku ya kwanza. Ada ya huduma huongezwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Watu wawili kwa usiku nne ni ada mara nane, ipigie hesabu mapema. Simu iweke kwenye hali ya ndege mkishatoka bandarini, kwa sababu mtandao wa baharini hukata salio haraka mno.

Halafu kuna saa. Afrika Kusini iko nyuma yetu kwa saa moja, na meli inaandika saa kwa tarakimu 24: 20:30 ni saa mbili na nusu usiku. Kigoma tumezoea jua kuchomoza karibu na saa moja asubuhi. Durban mwezi Februari, saa kumi na moja na nusu ya kule tayari kumekucha. Mtu wa Kigoma anaamka kwa saa ya nyumbani, anapanda deki ya juu na kuikuta tupu, kahawa ipo, upepo ni baridi, viti vyote ni vyako. Hiyo ndiyo mara ya kwanza meli inakuwa yako, na inadumu mpaka kama saa mbili asubuhi.

Mara ya pili ni jioni. Chakula cha mezani hutolewa kwa awamu mbili. Familia huchukua ya kwanza. Chagua ya pili wakati wa kulipia, na siku ya kwanza, kabla ya chakula, nenda kwa msimamizi wa ukumbi uombe meza ya watu wawili. Baada ya usiku wa kwanza kubadilishiwa ni vigumu. Familia zikiwa mezani, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, bwawa linakuwa kimya. Sisi ndiyo saa tuliyoogelea kila siku. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni usijisumbue; zile ni saa zao na wana haki nazo. Kwenye jakuzi soma kibao cha umri, na mtoto akiingia mwambie mhudumu wa bwawa kwa upole, usigombane na mzazi. Onyesho la ukumbini nalo lina awamu mbili, nendeni la usiku.

Kwa Waislamu, chakula halali kiombwe kwa maandishi wakati wa kulipia, kisha kikumbushwe kwa msimamizi huyohuyo. Mezani tulihudumiwa vizuri. Kwenye bufee ni kazi zaidi, kwa kuwa koleo la nyama ya nguruwe unalikuta kwenye sinia la kuku, watoto wanavihamisha.

Hilo linanipeleka kwenye ugonjwa. Kuhara na kutapika kunakosababishwa na virusi vya noro husambaa haraka melini, na vijiko vya bufee vinavyoshikwa na mikono midogo ni njia mojawapo. Dawa ya mikono yenye spiriti haiviui vizuri virusi hivyo. Nawa kwa maji na sabuni kabla ya kula, na ukiweza kula mezani unakohudumiwa, kula mezani. Kwa kichefuchefu, hata kama umezoea mawimbi ya Tanganyika, mawimbi marefu ya Bahari ya Hindi ni mengine. Meza dawa saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika umechelewa. Kata bima ya safari inayotaja meli, kwa kuwa zahanati ya melini inalipisha ghali.

Mara ya tatu ya meli kuwa yako ni siku ya kutia nanga, na hii ndiyo nzuri kuliko zote. Huko Pomene na Kisiwa cha Portuguese, vituo vyetu viwili vya Msumbiji, hakuna gati la meli kubwa. Abiria hupelekwa ufukweni kwa boti ndogo. Familia hukimbilia boti za mwanzo. Tulifanya hivi: asubuhi tulibaki melini, tukaenda chumba cha mvuke, ambacho siku hiyo huwa na nafasi na mara nyingi punguzo, tukapanda boti kama saa nne na nusu bila foleni. Andika saa ya boti ya mwisho kurudi, weka saa ya mkononi kwa saa ya meli. Vaa viatu vya kulowa, maana unashuka majini hadi magotini.

Kinachoharibika zaidi ni hicho hicho cha boti. Msimu wa meli ndio msimu wa vimbunga kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, na upepo ukizidi boti haziwezi kushikana na meli kwa usalama. Nahodha anafuta kituo, siku inageuka ya baharini na watoto wote wanarudi bwawani. Sisi tulikosa kituo kimoja kati ya viwili. Tulirejeshewa tozo ndogo ya bandari tu, nauli haikuguswa. Kingine ni bwawa kufungwa: mtoto akijisaidia ndani, mara nyingi maji yote hutolewa, linasafishwa kwa dawa na kujazwa upya, saa kadhaa zinapita. Kama meli ina bwawa moja tu, siku imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza meli ina mabwawa mangapi, na kama lipo la miaka 18 na kuendelea.

Swali hilo linafaa kwa kampuni yoyote. Chukua mfano: kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, ndicho kilichojenga Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa masanduku na kushushwa majini hapa Kigoma 1915. Kiwanda hichohicho kikaja kujenga Disney Dream, iliyoanza safari 2011. Ni meli ya watoto kwa jina na kwa sura, lakini ina bwawa la Quiet Cove na migahawa ya Palo na Remy kwa watu wazima pekee, na haina kasino. Sehemu kama hizo zikiwa kwenye ramani ya deki, wenye meli wamekufikiria. Zisipokuwepo, punguza matarajio au tafuta meli nyingine.

Mazoezi ya dharura siku ya kwanza ni lazima kisheria, kabla ya kuondoka au mara meli inapoondoka. Jaketi okozi liko kabatini. Hesabu yawe mawili ya watu wazima, kwa kuwa chumba cha familia hukutwa na la mtoto badala yake.

Siku ya kushuka, masanduku huwekwa nje ya mlango usiku wa kuamkia, na familia husubiri kuitwa kwa rangi za vitambulisho. Wawili wenye begi la kubeba wenyewe wanaweza kuomba kushuka mwanzo, begi mkononi. Hata hivyo usikate ndege ya kabla ya saa saba mchana, maana foleni ya uhamiaji ni moja kwa wote, na kwenye foleni hiyo mwenye mtoto mchanga hupitishwa mbele.