Mawaridi ya Kenya yenye nembo ya Fairtrade: nyota 3 kati ya 5

Tangu nihamie Ujerumani nimenunua shada hili mara tatu, kila mara kwa yuro 4 na senti 99, na kwa upande wa maua yenyewe sina la kulalamikia. Ni mawaridi 10 mekundu, yenye vikonyo vilivyonyooka na vichwa vidogo vinavyochanua taratibu hadi siku ya nane, mradi maji yabadilishwe. Harufu hayana, kama kawaida ya maua yaliyochaguliwa ili yastahimili ndege na jokofu.

Nilichotaka hasa kukipima ni ile nembo ya Fairtrade, yaani ya biashara ya haki. Juu ya bei ya maua, shamba lenye cheti hupokea ziada ya asilimia 10, na kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi ndiyo inayoamua itumikeje. Binamu yangu, aliyefunga mashada Naivasha kwa miaka sita, alilipiwa sehemu ya karo ya mwanawe kwa fedha hizo, kwa hiyo si maneno ya tangazo tu.

Hata hivyo, ziada si mshahara. Kwa maua, Fairtrade haikuweka kima cha chini cha bei, ambacho mnunuzi hawezi kushuka chini yake, kama ilivyoweka kwa kahawa, hivyo mnunuzi mkubwa wa Ulaya anaweza kuibana bei mpaka nyongeza ya mshahara ikose pa kutokea. Kilichompandishia binamu yangu mshahara ni makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, na chama cha waajiri. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, unayaingiza mawaridi haya Ulaya bila ushuru na una sura inayodai viwango vya msingi vya kazi viheshimiwe. Lakini siku hiyo Kenya, tofauti na Tanzania, ilikuwa haijaridhia Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, unaolinda uhuru wa kuunda vyama vya wafanyakazi.

Nyota mbili nimezinyima kwa sababu ya karatasi ya kufungia. Inaeleza namna ya kukata vikonyo na inataja Kenya, ila haitaji shamba, wala haisemi kama wafanyakazi wake wana chama. Shada lililo kando yake dukani, lisilo na nembo, huuzwa kwa yuro moja pungufu. Yuro hiyo nitaendelea kuilipa.