Kadi za silabi za dola 12: haziandiki «mama»

Pakiti hii inauzwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa ajili ya darasa la kwanza na la pili. Ndani mna kadi 105: konsonanti 20 mara irabu 5, pamoja na irabu zenyewe. Karatasi ni nene na wino hautoki kwa jasho la vidole. Kwa meza ya watoto wanane ni kifaa kizuri.

Kasoro kubwa ni kwamba kila silabi imo mara moja tu. Kiswahili kinarudia silabi kweli kweli: mama, baba, kaka, dada, kuku, lala. Mwalimu anafungua pakiti siku ya kwanza na «mama» halipangiki mezani! Piga fotokopi ya ma, ba, ka, da, ku na la, mbili mbili, ubandike kwenye katoni.

Pia hamna kadi ya m peke yake. Watoto wa hapa nyumbani wanasema mutoto, mutu, muti. Ukiwapangia mu-tu kwa kukosa kadi, ndivyo watakavyoandika daftarini. Kata kadi ya m, uilete baada ya silabi za kawaida kuzoeleka, kwa mtu, mti, mke. Mb, nd, ng' na ny hazimo vilevile, kwa hiyo nyumba na ng'ombe ni za kuandikwa kwenye tablo, yaani ubaoni.

Kadi zimepangwa kialfabeti, ba, cha, da, hivyo b na d zinakutana mapema mno, na umbo lao ni lile lile limegeuzwa. Anza na a, i, u, kisha m, k, l. Hapo tayari kuna kula, lima, mali, kila; d ingoje hadi b imekaa kichwani. Kata pembe ya juu kulia ya kila kadi, la sivyo u ikipinduliwa inasomwa n.

Karatasi ya maelezo itupwe. Inataka mwalimu ataje jina la herufi kwanza, na majina tunayotumia ni ya Kifaransa: K ni «ka», H ni «ashi». Mtoto anaunganisha ka na i, anapata «kai» badala ya ki. Tamka silabi nzima, basi. Na ch isimamiwe kwa makini, maana Kifaransa kinaisoma sh, na chama kinageuka shama.

Herufi zina kimo cha sentimita 3, zinasomeka vizuri mpaka mita 3 au 4. Kalasi ya watoto 60 inafika mita 7, na wa benchi la mwisho wanaitikia sauti ya wenzao tu. Mwite mmoja wao asome peke yake, utajua. Akishindwa, andika silabi kwenye tablo kwa kimo cha sentimita 7, kadi zibaki za vikundi. Sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 inataka lugha za taifa zitumike madarasani, lakini aliyetengeneza kadi hizi hakuwaza kalasi ya ukubwa huo.

Dola 12 si nyingi, ila ongeza bei ya katoni na fotokopi kabla ya kununua.