Santuri ya New York Art Quartet: shairi lisilo na mizani ndani ya jazi

Kwa sisi tuliokulia katika taarab hapa Unguja, kulitia shairi muziki ni kazi yenye taratibu zake: mtunzi huleta beti zenye vina, aghalabu kila mshororo ukiwa na mizani 16 iliyokatika vipande viwili, na mwenye kutia lahani hufuata kipimo hicho. Santuri ya New York Art Quartet, kundi la jazi la watu wanne, iliyorekodiwa Novemba 1964 na kutolewa na kampuni ya santuri ya ESP-Disk, imeshika njia nyengine kabisa.

Wapigaji ni John Tchicai, mzaliwa wa Copenhagen ambaye baba yake alikuwa Mkongo, kwenye saksafoni ya alto, Roswell Rudd kwenye tromboni, Lewis Worrell kwenye besi na Milford Graves kwenye ngoma. Katika kipande cha pili anaingia mshairi Amiri Baraka, ambaye wakati huo akiitwa LeRoi Jones, akighani shairi lake "Black Dada Nihilismus". Shairi hilo halina vina wala mizani, na limejaa ghadhabu juu ya dhulma walizotendewa watu weusi, lakini Baraka hapandishi sauti hata kidogo. Analisoma kwa utulivu, na utulivu huo unatisha kuliko ukelele wowote. Graves naye hapigi mahadhi ya kujirudia ambayo mghani angelazimika kuyafuata, bali ngoma yake inapanda na kushuka pembeni ya sauti, ikiyaachia maneno yaende kwa pumzi ya msomaji mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoiona thamani yake kwetu. Mashairi huru ya Kiswahili, tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, yamesomwa zaidi kuliko kuimbwa, kana kwamba shairi likikosa mizani limekosa pia haki ya kupata muziki. Kipande hiki kinaonesha kuwa haki hiyo lilikuwa nayo.

Kasoro zipo. Ushairi umo katika kipande kimoja tu kati ya vinne, hakuna kiitikio cha kumsaidia msikilizaji kukumbuka alichosikia, na baadhi ya mishororo inataja ubakaji waziwazi, kwa hivyo haifai kupigwa mbele ya watoto. Anayetaka kuisikiliza aanze na kipande hicho cha pili, awe na shairi mkononi, kwani Kiingereza chake ni kizito na majina ndani yake ni mengi.