Tahadhari: fundi anayeuza "leseni ya OpenWrt" hapa mjini

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Kuna fundi anapita maeneo ya Darajani, anajitangaza kwenye magrupu kuwa anahamisha ruta kutoka DD-WRT kwenda OpenWrt, yaani programu mbili tofauti za kuendeshea ruta, zinazotiwa badala ya ile ya kiwandani. Jina lake silitaji, lakini alivyonifanya nitakueleza ili wewe usiliwe.

Ruta yangu ni TP-Link TL-WR841N, v9 (yaani toleo la tisa la kifaa chenyewe), shemeji aliitia DD-WRT zamani. Fundi alitaka shilingi 60,000: 25,000 za ufundi na 35,000 za "leseni ya mwaka". Jamani, OpenWrt haina leseni ya kununua. Ni bure, unaipakua mwenyewe. Mtu kulipwa ufundi wake ni haki, leseni ile ni wizi.

Akaniahidi mambo mawili: toleo jipya kabisa, na mipangilio yangu yote kuhama kama ilivyo. Yote mawili hayawezekani. Tokea toleo la 21.02 la mwaka 2021, OpenWrt inataka angalau MB 8 za flashi (hifadhi ya ndani ya ruta) na MB 64 za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), na v9 ina 4 na 32 tu. Na mipangilio ya DD-WRT haisomeki na OpenWrt, kila moja inahifadhi kwa njia yake. Fundi mkweli angeniambia nitaanza upya, au ninunue ruta nyengine.

Ruta ilirudi baada ya siku tatu. Nikaifungua, nikakuta OpenWrt 18.06, toleo la 2018 lisilopata tena marekebisho ya usalama. Hilo ningelimeza. Lakini kwenye ukurasa wa Administration, sehemu ya SSH (njia ya kuingia na kuiamuru ruta kutoka mbali), palikuwa na ufunguo wa kidijitali ambao si wangu, na kwenye firewall (ukuta wa ulinzi wa ruta) mlango 22, unaotumiwa na SSH, umeachwa wazi upande wa intaneti. Mwenye ufunguo ule anaingia nyumbani kwangu bila paswedi, wakati wanangu wanatumia Wi-Fi hiyo hiyo na mke wangu anafanyia miamala ya benki. Kubadilisha paswedi hakusaidii kitu.

Nikaufuta ufunguo, nikariseti. Ukarudi! Na Wi-Fi ikawaka yenyewe kwa jina alilolitia yeye. Hapo ndipo nilipojua kuwa amevipika ndani ya faili lenyewe aliloflashi, yaani la programu aliloliandika kwenye ruta, maana OpenWrt safi kwenye ruta kama hii huanza bila paswedi na Wi-Fi ikiwa imezimwa mpaka uiwashe wewe.

Dawa ilikuwa kuflashi upya kwa waya, si kwa Wi-Fi. Nilipakua faili la TP-Link kutoka kwao wenyewe, lile lisilo na neno "boot" katika jina lake, nikaliita wr841nv9_tp_recovery.bin. Kompyuta nikaipa anwani 192.168.0.66, nikawasha programu ya TFTP (ya kurushia faili kwa waya), kisha nikaiwasha ruta huku nimebana kitufe cha riseti mpaka ikaanza kulivuta. Jina hilo ni la v9; matoleo mengine ya ruta yana majina yao, kwa hiyo soma kibandiko chini ya ruta yako kabla hujagusa chochote. Na usijaribu umeme ukiwa unakatika katika. Ukizimika faili likiwa linaandikwa, ruta inaweza kufa.

Nilimpigia fundi kwa upole, nikidhani labda kakosea. Akasema ufunguo ni "wa msaada wa wateja". Nikamwomba pesa ya leseni, akakata simu, na hadi leo hapokei.

Ikiwa ruta yako ilipita mkononi mwake, usingoje kesho. Chomoa waya wa intaneti, iriseti, halafu angalia kama Wi-Fi itawaka yenyewe. Ikiwaka, usiirudishe hewani mpaka iflashiwe upya. Walio karibu na Jang'ombe waje nayo kwangu baada ya Isha, waya na kompyuta ninavyo, na sitaki malipo.