Mfijoa wangu: maua tele, tunda hakuna

Nilimuuliza muuzaji wa miche kwa mdomo wangu: "Mfijoa mmoja unatosha?" Akajibu, "Unatosha." Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ninaishi Auckland, na huku New Zealand fijoa, tunda la kijani la ukoo wa mapera, ndilo pera lao. Ikifika Aprili watu wanaelemewa na matunda, wanayaweka kwenye mifuko getini, apitaye achukue. Nilipoyaonja ya bibi jirani, ile nyama laini ya katikati unayoichota kwa kijiko, nikasema lazima nami nipande. Nimekulia Muheza, nyuma ya nyumba tulikuwa na mpera mmoja, unazaa mpaka tunashindwa kula. Ningejuaje kuwa kuna mti unaodai mwenzake?

Nikamwagilia, nikaweka samadi, nikang'oa magugu kwa mkono maana mizizi yake iko juujuu na jembe linaikata. Miaka ikapita, ukachanua, nyuzi nyekundu zimesimama kila tawi. Nilifurahi kama mtoto. Kisha vikaja vitunda sawa na punje za kunde, vikageuka njano, vikapukutika vyote.

Nikarudi dukani na picha kwenye simu. Yule bwana hata macho hakuinua. "Ongeza mwingine." Akaniuzia wa aina ileile. Aina ileile, ndugu zangu! Miche hiyo hutokana na vipandikizi vya mti mmoja, kwa hiyo nilinunua mti uleule mara mbili, na chavua yake, ule unga wa maua unaofanya tunda lishike, haimfai mwenzake. Msimu mwingine ukaenda bure. Nilipolalamika, akanijibu mbele ya wateja kwamba jambo hilo kila mtu analijua. Kila mtu nani? Mimi nilikuuliza wewe!

Aliyeniokoa ni yule bibi. Mwezi wa kumi na moja alikata matawi yenye maua kwenye mfijoa wake, ambao ni wa aina nyingine, akayatumbukiza kwenye ndoo ya maji, tukaiweka chini ya wangu. Ndege wakamaliza kazi. Wanafuata petali, nene na tamu sana (nimezila, ni kweli), wanaondoka na chavua kichwani.

Safari hii nimepata 14. Unaokota, huchumi, fijoa likiiva linaanguka lenyewe. Kila asubuhi nilitoka na kandambili kupekua nyasi zenye umande, na nililipata la kwanza kwa harufu kabla sijaliona.

Nilikuwa nimeapa kuandika hapa kwamba msiupande mti huu. Siwezi. Upandeni, ila aina mbili tofauti zinazochanua wakati mmoja; kama nafasi ni ya mmoja tu, tafuteni aina iitwayo Unique, huo unajichavusha. Dukani kwa yule bwana msiende. Mimi mwenyewe sirudi. Au nitarudi mara moja tu, nimwekee tunda moja juu ya meza yake, nimuulize tena lile swali.