Video za dawa kwenye kishikwambi, wodini Tanga: mikono inafundisha, saa zinachanganya

Huduma yenyewe ni hii: kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani, muuguzi humletea kitandani kishikwambi chenye video fupi za dawa alizoandikiwa. (Kishikwambi, naam. Ukisema "tableti" wodini, mgonjwa anakinga kiganja na kuomba maji ya kumezea.) Video zimo ndani ya kifaa, hazivutwi mtandaoni, kwa hiyo bando likiisha hakuna kinachokwama.

Bora kuliko zote ni ya insulini ya mchanganyiko, ile yenye mawingu. Kamera imesogezwa hadi vidole vinajaa kioo. Chupa inaviringishwa kati ya viganja mara 10 hivi mpaka dawa yote iwe na weupe mmoja. Haitikiswi, maana kutikisa huleta mapovu, na povu likiingia kwenye bomba la sindano linakula nafasi ya dozi. Hewa sawa na yuniti za dozi inasukumwa ndani ya chupa, chupa inapinduliwa, dawa inavutwa, kiputo kinagongwa kwa kucha hadi kipande juu. Karatasi ya maelekezo haiwezi kuonyesha hicho kiputo.

Kwenye kuhifadhi inateleza. Inaonyesha friji, basi. Chupa iliyokwisha funguliwa, kwa insulini nyingi, inakaa kama wiki 4 chini ya nyuzi joto 30, na Februari ya Tanga huzipita hizo mchana kweupe. Nyumba ya Ngamiani isiyo na friji ilipaswa kuonyeshwa chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, chupa ikiwa kwenye mfuko mkavu. Mwenye friji naye aambiwe asiiweke kwenye barafu: insulini ikiganda ni ya kutupa.

Ya dawa mseto ya malaria inatosha. Vidonge 24 vya mtu mzima vinapangwa mezani: 4 sasa, 4 baada ya kupita saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili. Sababu ya kula chakula chenye mafuta imetajwa, kwamba dawa hufyonzwa vizuri zaidi, ila picha ni ya mkate na siagi. Mchuzi wa nazi ungeeleweka haraka zaidi.

Kifaa hakina shida kubwa. Pangaboi na kelele za wodi zinameza sauti, hivyo visikilizio ni lazima, vifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 kila anapobadilika mgonjwa. Spiriti ilowanishe kitambaa. Ikipulizwa juu ya kioo inapenya kwenye tundu la chaji.

Kasoro ya utaratibu ni swali la mwisho. "Umeelewa?" hujibiwa "ndiyo" na kila mtu. Muuguzi arudi na bahasha yenyewe ya dawa, iliyoandikwa 2x3 (viwili mara tatu kwa siku), amwambie mgonjwa: "Bibi, hebu nionyeshe kesho utameza vipi." Wapo wanaohesabu 6 kwa mkupuo. Na kama mtoa dawa nyumbani ni binti au mkwe, huyo ndiye atazame.

Sasa saa. Sauti inasema "saa mbili asubuhi", kioo kinaandika 8:00. Mwenye masikio mazito anasoma saa nane, na saa nane kwetu ni baada ya adhuhuri. Dozi imechelewa kwa muda wa saa sita kwa kosa la maandishi tu. Iandikwe "saa 2 asubuhi", na jua lichorwe linachomoza.

Ramadhani nayo haimo kabisa, katika mji ambao wagonjwa huhamishia dawa zao daku na futari bila kumuuliza mtu. Kwa mwenye kuchoma insulini, kufunga bila daktari kumpangia upya dozi kunaweza kumwangusha kwa sukari kushuka. Video hiyo ingetengenezwa kabla ya zile mbili za kunawa mikono.