Nilipeleka mtoto kwa psikologi, ye akaanza kuuliza mimi maswali (Goma)

Jina la kituo siliweki hapa, ni fasi kadogo, mlango moja tu, na jirani akikuona unaingia mara mbili basi mtaa muzima unajua kama mtoto wako "ameharibika kichwa". Mwenye iko na shida kama yangu aulize nesi wa kituo cha afya chake, wao wanajua fasi ma psikologi wa watoto (docta wa woga na mawazo) wanatumikaka. Mimi naandika tu kazi yenye walitufanyia, ile nzuri na ile yenye ilinikasirisha.

Binti yangu iko na miaka 9. Kuanzia masomo zifunguke nyuma ya ile vita ya mwezi wa kwanza 2025, kila asubuhi tumbo. Na si tumbo ya uongo, analia kweli, mikono inakuwa baridi, saa ingine chai yote inarudi. Tukafanya kama wazazi wote: dawa ya minyoo, kipimo cha malaria, kisha wakasema tifoidi, sindano siku tano, kisha chumba cha maombi siku tatu, ukipiga hesabu ni zaidi ya dola 80 na tumbo iko palepale. Ila siku ya Jumapili haiumagi. Ni nesi moja njo aliniuliza, "Mama, na usiku analalaka?" Nikamwambia halali mpaka nilale pembeni yake. "Na choo?" Hawezi kwenda pekee. "Na wewe ukienda soko?" Anapiga simu kila saa kuuliza kama ningali mzima. Nesi akaandika kakaratasi, akanituma kule.

Bei: dola 5 ya fishi (karatasi ya kujiandikisha) siku ya kwanza, kisha dola 5 kila kikao. Kwa mji wetu wa sasa hii ni pesa, lakini linganisha na zile 80. Walikubali nilipe nusu na nusu.

Sasa ile yenye ilinikasirisha. Tulifika saa mbili ya asubuhi, tukaingia saa tano. Barza iko na benchi moja, pembeni watu wanachomelea milango ya chuma, kila nyundo ikipiga mtoto anaruka. Watoto wenye wanakuja pale ni wenye wanaogopa kelele, jamani, wakubwa wa kituo waone ile jambo. Kitu ya pili, fishi yote iko kwa Kifaransa. Kulikuwa mama moja mbele yangu alishindwa kuijaza, akabaki anaishika mkononi mpaka nikamusaidia, na pale kuna maswali ya ndani ya nyumba yake, mimi si mtu wa kuyajua. Na ile chumba ya kuongelea inafungwa na rido (pazia), si mlango. Nilisikia mambo ya watu.

Lakini yule docta mwenyewe, Mungu amubariki. Anaongea Kiswahili chetu, hasomi karatasi, anakaa chini ku mkeka. Alicheza na mtoto kidogo, wakachora nyumba, kisha akaniambia vikao viwili vyenye vinafuata nikuje na baba yake, mtoto abaki nyumbani. Nilikasirika sana. Nikawaza, mgonjwa ni mtoto, mbona mimi ndo naulizwa? Akanieleza polepole kwamba mtoto mwenye woga mingi anajengaka nyumba yote kuzunguka ule woga, na wazazi kwa upendo wao njo wanabebaka mawe. Mtoto analia, tunamuacha asiende masomo, ule asubuhi woga unapoa, mwili unajifunza kama kweli masomo ilikuwa hatari, kesho unarudi na nguvu zaidi. Akasema kule Marekani, ku chuo cha Yale, kuna psikologi anaitwa Eli Lebowitz, 2020 yeye na wenzake walitoa utafiti wa watoto 124: kikundi kimoja watoto wenyewe walitibiwa kwa mazungumzo, kingine walifundisha wazazi tu, na wale wa wazazi walipona sawa na wale wengine. Pale njo nilinyamaza.

Kisha, nilipokuja na bwana yangu, akauliza juu ya ile picha ya nyumba. Mtoto alikuwa amechora mlango wa nyumba yetu, na mbele ya mlango viatu, vya watu wote, vimepangwa viwili viwili, vidole vinaangalia inje. Docta akauliza, "Mama, nani anapangaka hivi viatu?" Nikasema ni yeye, kila jioni, na kama kiatu moja imekosekana hawezi kulala. "Na nani alimufundisha?"

Ni mimi. Mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka ile Jumamosi usiku, tulitoka mtaa wetu wa Mabanga mguu chini, nilimubeba mgongoni mpaka ng'ambo ku Gisenyi, Rwanda, alikuwa na miaka 5. Tulirudi, udongo unatikisika kila saa, kisha tarehe 27 wakasema watu wa mitaa yetu watoke, tukaenda tena, upande wa Sake. Kuanzia pale niliambia watoto viatu vikae ku mlango, begi iko tayari, lala na nguo. Mimi mwenyewe nilifundishwa na mama yangu nyuma ya ile volkano ya 2002. Ile 2025 tulilala chini ya koridoo usiku nne, mimi naomba kwa sauti, naye ananishika kitambaa ya kichwa. Hakuna mtu alishaniambia kama mtoto anasomaka uso wa mama mbele ya kusikia maneno yake. Nililia pale mbele ya bwana yangu, na yeye akalia, sikumuonaka hivyo.

Docta hakutulaumu hata kidogo. Na hakutuambia tudanganye mtoto kama hakuna hatari, mtu wa Goma hawezi kusema hivyo, mtoto atakucheka. Alisema begi ibaki, lakini begi ni kazi ya mama na baba, ikae juu ya kabati yetu, mtoto haihesabu. Maneno nayo tukabadilisha. Nilikuwa nasema "acha kuogopa, hakuna kitu", sasa nasema "naona uko na woga, na najua utaweza." Siku za kwanza mdomo ulikuwa mzito. Simu ya kila saa ikawa mesaji moja ya saa sita. Kitanda tulienda polepole: wiki ya kwanza godoro yangu karibu yake, kisha ku mlango, kisha koridoo, kisha chumba changu. Ku masomo tulianza kufika tu ku geti, siku ingine mpaka dirishani ya darasa, dakika kumi, tunarudi. Bwana yangu naye akaacha kusikiliza zile vokali (mesaji za sauti) za habari za vita kwa nguvu usiku, sasa anaweka ekuta ku masikio.

Koko wetu, muzee wa nyumba, njo alikuwa mgumu. "Sisi tulipona vita ngapi bila docta?" Nilimuheshimu, sikubishana, nikamuchukua kikao cha nne. Alitoka kimya, ile jioni akaanza kuelezea mtoto vile naye alikuwaka anaogopa ziwa akiwa kadogo.

Vikao 7 kwa jumla. Tumbo inarudi siku ya mtihani na siku kukisikika masasi mbali, sitasema imeisha. Lakini mwezi muzima uliopita amekosa masomo siku moja tu, na ilikuwa malaria ya kweli. Viatu sasa nakanyaga usiku nikienda choo, kimoja huku kingine chini ya meza.

Ningewapa nyota 4 juu ya 5. Ile moja wataipata siku wataweka mlango na fishi ya Kiswahili. Muende Jumanne ao Alhamisi, kuna watu kidogo na wachomeleaji wanaanzaka nyuma ya saa nne. Mubebe maji na kitu ya kula ya mtoto. Na ma papa, tafazali, mukuje, siku ile nilikuwa ku benchi tulikuwa wamama kumi na moja na bwana yangu pekee.